Faili Lililobaki Mezani

Tarehe 4 Februari

Kwako Sisimizi,

Mimi ni mzima, isipokuwa magoti, ambayo yamejiuzulu bila kutoa notisi. Wewe sijui, maana huandiki. Mtoto wa kike anakaa miezi mitatu bila kumwandikia baba yake, halafu akikumbuka anaanza na "samahani, kazi nyingi". Hata mimi nilifanya kazi, mwanangu. Miaka thelathini na moja nilikaa mbele ya swichibodi ya kiwanda cha nguo, simu mia mbili na arobaini zinanililia kama vifaranga, na bado nikapata nafasi ya kukuzaa wewe. Mama yako alisaidia kidogo.

Simu usinipigie. Nimeshakwambia. Aliyekaa katikati ya maneno ya watu kama mimi anajua kwamba kila simu ina sikio la tatu. Lilikuwa langu. Kiwanda kizima kiliniita Masikio, na si kwa sababu ni makubwa. Haya, ni makubwa pia. Na hizo meseji nazo baki nazo, herufi zake kama mayai ya chawa. Niandikie kwa karatasi, niikunje, niikunjue, niipake chai.

Habari za hapa ni zilezile. Tangu tumzike mama yako, mwaka wa nne huu, naongea na meza. Haijibu, lakini hata mama yako akinuna alikuwa hajibu, kwa hiyo sioni tofauti kubwa. Fundi Saa wa chini huja kucheza drafti na kuniibia kete. Yule mama anayekaa juu yangu hushuka kuona kama nimekufa, akikuta bado anaonekana kusikitika.

Uliahidi kuja Aprili. Unakuja, au nawe ni kama serikali?

Baba yako,
Masikio

*

Tarehe 12 Februari

Baba,

Shikamoo. Umeona? Sikuanza na samahani.

Nataka kuja kuliko unavyodhani, ila likizo yangu imekwama mahali, na nitakueleza palipokwama kwa sababu nadhani wewe utaelewa kuliko watu wote ninaofanya nao kazi, ingawa hujawahi kugusa kompyuta.

Tuna zahanati sitini. Kila moja ina kompyuta mapokezi na kwenye vyumba vya madaktari. Mafaili ya wagonjwa wote yako kwenye seva moja tu, hapa kwetu, kwenye chumba cha baridi ambamo nashinda nimevaa sweta mbili. Kila kompyuta ikifungua kazi asubuhi inavuta laini yake mpaka kwenye seva, na kila laini inakula kumbukumbu ya seva hata kama mwenyewe ameondoka kwenda kunywa chai. Saa mbili milango inafunguliwa, laini zinafika mia sita, seva inazimia. Juzi ilizimia dakika arobaini. Wagonjwa walijaa kwenye mabenchi, na muuguzi mmoja akapiga simu kuuliza kama huku kwetu tumefiwa.

Mkuu wangu anataka mashine mpya, kubwa mara nne. Itachukua miezi mitatu kufika, na wa kuifunga ni mimi, kwa hiyo likizo hakuna. Mimi nataka kuweka programu ya katikati. Kompyuta zote zitazungumza na hiyo programu, nayo itashika laini arobaini tu za kwenda kwenye seva na kuziazima. Mwenye ombi anapewa laini, ombi likijibiwa laini anapewa mwingine. Ni kazi ya wiki mbili. Mkuu akikubali, likizo yangu inaanza tarehe 10 Aprili, mwezi mzima.

Lakini hakubali. Anasema mtu wa katikati ni mzigo siku zote, kila neno litapita mikono miwili badala ya mmoja, kwa hiyo tutakuwa wazito zaidi. Baba, ulikuwa na laini ngapi za kutoka nje pale kiwandani? Na ni kweli zilitosha?

Chumbani kwangu kuna kiti kimoja. Nimekaa humu miaka minne na nimeligundua wiki hii, nilipotaka mahali pa kuweka mfuko nami nimekaa.

Mwanao,
Sisimizi

*

Tarehe 19 Februari

Sisimizi wangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu kwa sauti, mpaka yule mama wa juu akashuka kuuliza nagombana na nani.

Kumi na mbili! Simu mia mbili na arobaini ndani, laini kumi na mbili za nje, na mtu mmoja katikati mwenye elimu ya darasa la sita na kanzu ya kiwanda iliyochanika kwapani. Na zilitosha. Unajua kwa nini? Kwa sababu watu hawaongei. Wanashika simu tu. Huyu anatafuta miwani, yule anamkemea karani, wa tatu kasahau alichotaka. Mwache kila mtu awe na laini yake, utahitaji laini mia mbili na arobaini za watu wanaotafuta miwani. Huyo mkuu wako ni yule mwenye nyumba ambaye akiona wageni wamebanana mlangoni anabomoa ukuta, kumbe nusu yao wamesimama tu wanasengenya.

Ni kweli mtu wa katikati anachelewesha. Mwambie asibishane na ukweli, akubali. Mimi nilikuwa nachelewesha sekunde tatu. Bila mimi wangengojea mpaka mvi.

Nikupe na siri ya kazi. Watu wawili au watatu wakitaka hospitali kuu kwa wakati mmoja, nilikuwa sikati laini. Wa kwanza akimaliza, namchomoa yeye tu na kumchomeka wa pili palepale, laini bado ya moto, karani wa hospitali bado ana mkono wa simu sikioni. Kupiga upya kulikuwa kunakula dakika tano siku hizo. Meneja alinipa saa ya mkononi kwa ujanja ule.

Unaikumbuka ile ya mke wa Mtunza Ghala? Nimemuunganisha na hospitali, karani wa kule kachanganya mafaili, kamwambia mumewe amefariki. Mwanamke akaangua kilio, majirani wakajaa. Jioni Mtunza Ghala anaingia kwa miguu yake mwenyewe, anawakuta wanakunywa chai yake, anauliza, "Nani kafa?" Wakamwambia, "Wewe, keti." Ulikuwa na miaka saba, ulicheka mpaka ukavunja kikombe.

Weka opereta, mwanangu. Usinunue mashine. Nimeanza kupaka rangi chumba chako. Nilitaka nyeupe, dukani wakaniuzia kitu wanachokiita maziwa. Ni njano.

Baba yako,
Masikio, mshauri wa kompyuta

*

Tarehe 2 Machi

Baba,

Shikamoo, mshauri.

Tumeshinda. Nilifanya majaribio siku tatu. Laini zikiwa hamsini, Mkuu ndiye mwenye haki: kwenda moja kwa moja ni haraka zaidi, programu ya katikati inaongeza uzito, mdogo mno lakini upo. Nikauandika kwa wino mwekundu, kama ulivyosema, nisibishane na ukweli. Kisha nikapandisha mpaka mia sita. Moja kwa moja, ombi moja lilichukua sekunde tisa, halafu seva ikalala chali. Kupitia katikati, chini ya nusu sekunde, na seva haikutumia hata theluthi ya kumbukumbu yake.

Halafu nikamsomea Mkuu barua yako. Ile ya miwani. Akauliza, "Huyu baba yako alisoma mpaka wapi?" Nikasema darasa la sita. Akasema, "Inatosha."

Tunaiwasha tarehe 28 Machi. Likizo imesainiwa, tiketi ya basi ninayo, imekaa ndani ya kitambulisho changu naitazama kila nikipita getini.

Utafurahi kujua kwamba inafanya kazi kwa ujanja wako uleule. Kompyuta ya zahanati ikifunguliwa asubuhi inajitambulisha mara moja, "mimi ni zahanati ya kumi na mbili", na seva inailetea wagonjwa wake tu. Baada ya hapo haijitambulishi tena siku nzima. Na programu haikati laini, inaikabidhi kwa anayefuata ikiwa bado ya moto. Ndiyo siri ya mbio zake. Nimeipa jina Masikio. Liko kwenye nyaraka rasmi.

Jambo moja linanisumbua. Jana sikuweza kungoja posta, nikakupigia kukupa habari. Ukasema, "Ndiyo, ndiyo, wasalimie watoto," ukakata. Baba, mimi sina watoto. Umenikasirikia? Kama ni kwa sababu ya miaka minne ambayo sijaja, niambie tu, nitasikia.

Mwanao,
Sisimizi

*

Tarehe 9 Machi

Sisimizi,

Hongera. Sijakasirika, nani kasema. Palikuwa na kelele mtaani.

Chumba kimekwisha. Ile njano ukiizoea inakuwa njano zaidi. Kitanda nimekigeuza kikaangalia dirisha, Fundi Saa kashika upande mmoja mimi mwingine, tumekivunja mguu, tumeurudisha kwa misumari. Ukilala usijigeuze.

Nilitaka kukuuliza kitu kuhusu hizo laini za moto, lakini nimesahau ni kitu gani. Si muhimu. Tarehe 10 ni Ijumaa, nimeangalia.

Baba yako,
Masikio

*

Tarehe 11 Machi

Mwanangu,

Sikusahau.

Barua ya juzi nadhani bado iko posta, gari lao linaondoka mara moja kwa wiki, kwa hiyo utazipata zote mbili pamoja. Ile ichane.

Ile hadithi ya mke wa Mtunza Ghala haikutokea. Niliigeuza nje ndani ili niweze kuisimulia. Hakuna mwanamke aliyemlilia mume mzima. Yuko aliyefurahi wakati mume wake anakata roho, na niliyemfurahisha ni mimi.

Ilikuwa hivi. Mtunza Ghala alikuwa hospitali kuu, kapasuliwa henia, hana neno. Mfumaji wa mashine ya nne alikuwa huko huko, mapafu yamejaa pamba, hali mbaya. Wake zao walikuja asubuhi moja kupiga simu, mmoja getini, mwingine kwenye chumba cha huduma ya kwanza. Nikamuunganisha kwanza wa Mtunza Ghala. Akajitambulisha, karani wa hospitali akaenda, akaleta faili, akalisoma: anaendelea vizuri, usihangaike leo, njoo kesho kutwa umchukue. Mwanamke akashukuru. Taa ya simu yake ikazimika. Mimi, Masikio, mwenye saa ya mkononi ya zawadi, sikukata. Nikamchomoa huyo nikamchomeka wa Mfumaji palepale. Sikumwambia karani kwamba mtu amebadilika. Kwa nini nimwambie? Laini ni ileile, hospitali ni ileile.

Mwanamke akasema, "Nauliza hali ya mume wangu." Karani bado ana faili la mwanzo mezani, liko wazi. Sauti ya mwanamke kwenye waya ni sauti ya mwanamke. Akamjibu kwa hasira kidogo, "Mama, nimeshakwambia, anaendelea vizuri. Njoo kesho kutwa."

Nilisikia. Nilikuwa na sikio la tatu, si nimekwambia? Nilisikia nikafikiri, nitarekebisha, halafu taa nne zikawaka kwa pamoja.

Mfumaji alifariki jioni ileile. Alikuwa akimuulizia mkewe, kila mlango ukifunguliwa. Mkewe alikuwa nyumbani anafua mashuka ya kumpokelea.

Walipouliza kiwandani nikasema nyaya ziligusana. Nilikwenda mazikoni. Yule mwanamke akanishika mkono kwa mikono yake miwili akasema, "Ahsante, wewe angalau uliniunganisha." Nimeutazama mkono huu miaka mingi. Mama yako hakujua. Wewe ndiye wa kwanza.

Sasa nisikilize. Zahanati inajitambulisha mara moja asubuhi, halafu laini anapewa mwingine ikiwa ya moto. Huyo mwingine akija anauliza tu, "Nauliza mgonjwa wangu." Je, seva imefunga faili la yule wa mwanzo? Nani anamwambia kwamba mtu amebadilika? Sijui kompyuta, Sisimizi. Labda wenye kuzitengeneza ni waangalifu kuliko mimi. Lakini kapime kabla ya tarehe 28. Chukua zahanati mbili, zipokezane laini moja, utazame nani analetewa nini.

Nilijua tangu barua yako ilipofika. Nilipofika kwenye neno "mara moja" chai ilinipalia. Nikaandika barua ya kitanda badala ya hii, kwa sababu nilikuwa nimeshapaka rangi.

Na la pili, maana nikishafungua mdomo nimalize. Sikio la kulia limekufa, la kushoto liko njiani. Ukipiga simu nasikia upepo. Nilidhani ulisema kitu kuhusu watoto. Daktari anasema ni miaka ya vile visikilizi vya simu vya kichwani. Ana kwa ana bado naweza, namtazama mtu mdomo. Kwa hiyo usidhani nakwandikia haya kwa wepesi. Ukija nitakusikia. Usipokuja, sijui lini tena.

Kapime.

Baba yako

*

Tarehe 22 Machi

Baba,

Shikamoo.

Barua zako mbili zilifika siku moja. Niliisoma ya kitanda kwanza, nikacheka. Halafu nikaisoma nyingine nimesimama, na sikukaa mpaka nilipofika kwenye kompyuta.

Nilichukua zahanati ya kumi na mbili na ya thelathini na moja, nikaziwekea laini moja zipokezane. Maombi matatu ya mwanzo yalikwenda sawa. La nne, thelathini na moja ikaomba orodha ya wagonjwa wake ikaletewa ya kumi na mbili. Majina, dawa, aina za damu, yote. Skrini haikuonyesha kosa lolote. Iliyaleta upesi sana.

Sikuwa nimeliona, Baba. Katika majaribio yangu ya siku tatu nilipima mbio tu. Sikuwahi kutazama kama jibu ni la aliyeuliza.

Nilimpelekea Mkuu saa ileile. Alipiga meza, halafu akakaa, halafu akasema kwa sauti ya chini, "Mke wangu anatibiwa kumi na mbili."

Tumekubaliana hivi. Programu ya katikati itabaki, kwa sababu hata mashine kubwa mara nne ingejaa tu baada ya mwaka. Lakini kila ombi lazima lijitambulishe upya, kila mara, na laini ikirudishwa kila kitu kifutwe ndipo apewe mwingine. Nimepima: tunapoteza mbio kidogo, na bado seva inasimama. Shida ni kwamba kujitambulisha huko kunabidi kuandikwa ndani ya kila fomu ya kila zahanati, na tuko wawili tu. Itatuchukua mpaka Agosti. Mpaka wakati huo tutafungua zahanati kwa zamu, thelathini saa mbili, thelathini saa tatu, ili seva isizimie.

Likizo imefutwa. Nilijaribu kuisogeza, wakasema orodha ya mwaka huu imefungwa, zamu yangu itarudi mwakani. Tiketi nimeirudisha. Mtu wa dirishani aliuliza sababu nikashindwa kuieleza.

Nilikukasirikia, lazima nikwambie. Si kwa ajili ya Mfumaji. Ni kwa zile siku mbili kati ya barua na barua. Nilitembea nazo nikienda kazini na kurudi, siku mbili, siku mbili. Halafu nikajiuliza ningekuwa mimi, ndani ya nyumba ile, chumba kimeshapakwa rangi, ningekaa siku ngapi? Mimi ningekaa mpaka tarehe 28 ipite.

Kuhusu sikio. Kwa nini ulinyamaza? Nilikuwa nikikata simu nalala nimegeukia ukuta nikidhani baba yangu amenichoka. Sasa nitaandika kila Jumapili, hata kama sina habari. Nitakwandikia nilichokula.

Mwanao,
Sisimizi

*

Tarehe 13 Aprili

Sisimizi wangu,

Barua zako mbili za Jumapili nimezipata. Unakula vibaya.

Ijumaa ilikuwa tarehe 10. Nilikuwa nimewatangazia wote kuja kwako, hata muuza mkaa, hata yule mpangaji mpya asiyenisalimia. Kwa hiyo nilipoteremka pale kwa Fundi Saa nilikuta wamekaa wananingojea kama mahakama. Yeye mwenyewe, yule mama wa juu, na wateja wawili wenye saa zilizokufa.

"Mzee, mgeni yuko wapi?"

Nikasema, "Haji. Nimemzuia mimi."

Wakacheka. Fundi Saa ana meno mawili tu, kumsoma mdomo ni kama kusoma gazeti lililolowa, lakini hilo nililisoma: "Umzuie wewe? Wewe uliyepaka rangi mpaka dari?"

Nikawaeleza. Kwamba ulikuwa na kazi ya hatari, kwamba palikuwa na kosa ndani yake nililolijua mimi peke yangu, kwamba ningenyamaza tu ungekuwa umekaa hapa sasa hivi unakunywa chai, na watu wa mbali wangepewa dawa za watu wengine. Niliwaeleza vizuri kabisa, sikuongeza chumvi hata chembe. Wateja wakatazama saa zao zilizosimama. Yule mama akamgeukia Fundi Saa ili nisimwone, ila nyuma yao kuna lile kabati la vioo, na kwenye kioo nikamwona mdomo. Alisema, "Mtoto hamtaki, masikini. Mwacheni ajidanganye."

Mwanangu, mtaa huu nimeudanganya kuliko daktari wa meno. Niliwaambia nimewahi kumuunganisha waziri na mke asiye wake, wakaamini. Niliwaambia goti hili liliumizwa na simba wa sarakasi, wakaligusa kwa heshima. Siku nimesema kweli yenye miguu minne, ndiyo wanaiombea kama mgonjwa.

Na macho yao, Sisimizi. Nilivumilia ya Fundi Saa. Ya yule mama sikuyaweza, alikuwa ameanza kushika upindo wa kanga yake apanguse. Anaona kitu ambacho hakipo, na ukikitazama sana nawe unaanza kukiona.

Kwa hiyo nikalipiga goti langu kofi, nikasema, "Haya jamani, mmenikamata. Basi limeharibika njiani, daraja limekatika, wamewarudisha abiria wote. Mwanangu amelia sana. Nilikuwa naona aibu kusema."

Ungewaona! Walipumua kwa pamoja. "Ah! Si ungesema!" Mteja mmoja akasema hata yeye analijua daraja hilo, ni bovu siku nyingi. Yule mama akapanda akarudi na sahani imefunikwa. Fundi Saa akapanga kete, akaniachia nianze, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu tufahamiane. Nikashinda michezo miwili.

Nikapanda nyumbani nikakaa chumbani kwako, kwenye kitanda, katikati, ili mguu usitoke.

Basi ukija mwakani na wakakuuliza, ni daraja. Usiniangushe. Ile nyingine, ya kweli, tunaijua wawili, na mmoja yuko huko.

Baba yako,
Masikio